Bibi Alisema Nisimwambie Baba

Jumamosi, 2 Machi

Mwalimu wa fasihi anataka kila mtu aandike shajara muhula huu. Amesema hatazisoma, atatazama tu kama kurasa zimejaa. Wenzangu wengi wanaandika kwa lugha ya darasani ili wajizoeze. Mimi nimechagua Kiswahili. Ile ya darasani naijua ya kujibia maswali tu, mambo ya moyoni hayaingii humo.

Na leo yapo. Bibi ameanguka.

Bibi ni mama yake baba, ana miaka sabini na tisa, na ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana yake: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, rafu za vitambaa mpaka darini. Saa kumi alipanda stuli kuchukua jora la kitambaa cha sare. Stuli ikayumba, akashuka nayo, kichwa kikagonga pembe ya meza. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu amegonga mlango mara moja akaghairi.

"Bibi! Umeumia?"

"Meza ndiyo imeumia. Nipe mkono, mke mwenzangu."

Ananiita hivyo tangu nizaliwe. Babu alifariki zamani, lakini bibi husema mume wetu amesafiri na ametuachia kazi.

Palivimba kidogo juu ya sikio la kulia. Nikamwekea kitambaa cha maji baridi. Akavuta kilemba chini, pakafunikwa.

"Baba yako asijue."

"Lakini bibi..."

"Akijua atanikalisha. Unajua kukalishwa wewe? Nitawekwa kwenye kochi kama mto. Mto, mjukuu wangu. Watu watakuwa wananisogeza wakae."

Nilicheka. Kisha nikaahidi.

Mwaka jana moyo wake ulianza kupiga bila mpangilio, akazimia jikoni. Akapewa kidonge cha kufanya damu iwe nyepesi isigande, kila asubuhi, maisha yote. Baba akasema siku akisikia mama yake amepanda stuli tena, karakana anaifunga na bibi anahamia kwa shangazi. Baba ni msimamizi wa ghala. Akisema kitu, anakisema kama mtu anayehakiki mzigo, na hakuna anayebisha. Kazi ya kumpa bibi kidonge alinipa mimi kwa sababu, alisema, huyu hasahau.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Uvimbe umeshuka. Dawa nimempa.

Alhamisi, 7 Machi

Shuleni wameniita Bubu tena. Siwalaumu, kuanzia asubuhi hadi saa nane nilikuwa nimesema "nipo" peke yake. Dawa nimempa.

Jumatano, 13 Machi

Bibi mzima kabisa. Amemwambia mteja aliyenenepa, "Gauni halijapungua mwanangu, wewe ndiye umeongezeka baraka." Dawa nimempa.

Jumatatu, 18 Machi

Kichwa kinamuuma asubuhi. Anasema ni unyevu. Mvua haijakata siku tano. Dawa nimempa.

Jumamosi, 23 Machi

Leo kimetokea kitu ambacho sijui nikieleze vipi kwa mtu asiyeshona.

Ukikata mikono ya gauni unakunja kitambaa, unakata mara moja, unapata wa kushoto na wa kulia. Bibi anaweza kukata hivyo akiwa anapiga soga. Leo mteja alivaa, mkono mmoja ukamkaa vizuri, mwingine ukajikunja begani kama umevunjika. Bibi alikuwa ameshona mikono miwili, yote ya kulia.

Mteja alicheka. "Fundi, leo umemshonea nani?"

Bibi hakucheka. Aliugeuza ule mkono, akaugeuza tena, akaniangalia mimi kana kwamba nimeubadilisha kwa siri.

Nilimwambia baba jioni. Nilimwambia habari ya mikono tu.

"Uzee," baba alisema. "Ungetegemea nini?"

Dawa nimempa.

Jumapili, 24 Machi

Mama amepiga simu kutoka anakofanya kazi, kama kila Jumapili. Akauliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri.

Jumamosi, 30 Machi

Kandambili ya mguu wa kushoto inamtoka akitembea na hajui. Imebaki mlangoni, yeye yuko jikoni na mguu mtupu. Nikamvalisha. Baada ya dakika kumi iko mlangoni tena.

Ameniita kwa jina la shangazi mara tatu. Sikumsahihisha.

Dawa nimempa.

Jumatano, 3 Aprili

Shangazi amekuja. Ni dada mkubwa wa baba, sauti yake haihitaji simu. Alimtazama bibi akijaribu kula, wali ukimtoka upande mmoja wa mdomo, akaanza.

"Mama anapotea huku mnamtazama!"

"Hapotei. Amezeeka," baba akasema.

"Amezeeka wiki tatu? Mtu anazeeka wiki tatu?"

Wakampeleka zahanati ya jirani. Nikaenda kubeba mkoba. Daktari pale alikuwa na foleni hadi barabarani. Akapima presha, akapima sukari, akauliza akiwa tayari anaandika, "Hajaanguka?"

"Hapana," baba akasema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kati yangu na yule daktari hazikufika hatua tatu. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Bibi akainua macho akanitazama, au nilidhani ananitazama, nami nikaangalia chini nikahesabu vigae. Vilikuwa kumi na vinne.

Tumerudi na vitamini. Dawa nimempa.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimejifunza sentensi mbele ya kioo. "Baba, kuna kitu sikukwambia." Naisema vizuri kabisa kioo kikisikiliza peke yake. Baba aliporudi amelowa mvua, akauliza kama kuna chai. Nikasema ipo.

Nimetafuta kwenye maktaba ya shule, katika kitabu cha baiolojia, sura ya mfumo wa fahamu. Kinasema ubongo umefunikwa na tabaka tatu. Hakisemi kama bibi yako amegonga meza tarehe mbili Machi ufanye nini.

Dawa nimempa.

Jumatatu, 8 Aprili

Analala mchana wote. Nimemwamsha anywe dawa. Amefungua mdomo kama kinda, bila kuuliza ni nini.

Alhamisi, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi. Niko kwenye benchi la hospitali kubwa, baba amekwenda kutafuta maji.

Asubuhi bibi hakuamka. Alipumua, alikoroma, lakini hakuamka, na alikuwa ametapika kwenye mto. Baba alimbeba mikononi hadi barabarani kwenye mvua. Sikujua kwamba bibi ni mdogo kiasi kile.

Walimpiga picha ya kichwa kwa ile mashine ya mviringo. Kisha akaja daktari wa upasuaji wa kichwa na mgongo, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira vya kijani. Akatuonyesha picha kwenye kompyuta. Mfupa mweupe umezunguka pande zote, ubongo rangi ya jivu katikati, na upande wa kulia, kati ya mfupa na ubongo, kitu kama mwezi mchanga. Ubongo wote umesukumwa kushoto.

"Hii ni damu," akasema. "Si ya leo. Imekuwa ikivuja kidogo kidogo, wiki nyingi. Kwa wazee ubongo hupungua, unaacha nafasi, damu inakaa mle bila kelele mpaka nafasi iishe. Aligonga kichwa lini?"

"Hajagonga," baba akasema. "Mama yangu hajaanguka. Mimi mwenyewe nimempiga marufuku kupanda popote."

"Ameanguka," nikasema.

Wote wakageuka. Shangazi aligeuka kutafuta nani amesema.

"Ameanguka tarehe mbili Machi. Saa kumi. Kutoka kwenye stuli. Aligonga pembe ya meza, hapa." Nikaonyesha kwenye kichwa changu mwenyewe.

Daktari hakushangaa. Akaandika. "Anatumia dawa gani?"

Nikatoa boksi mkobani. Akasoma, akaliweka mezani polepole.

"Hii inazuia damu kuganda. Nani humpa?"

"Mimi."

"Ameruka siku?"

"Hapana. Hata moja."

Ndipo niliposikia nilichokuwa nasema. Siku arobaini. Kila asubuhi nilimwagia maji glasi, nikamwekea kidonge kiganjani, nikasubiri ameze, nikaja humu nikaandika kwa fahari. Kidonda kinavuja ndani, na mimi, nisiyesahau, nakizuia kisifunge.

Baba hakunitazama. Kama angenipiga ningeshukuru.

Daktari akasema watampa kwanza dawa ya kurudisha damu igande, kesho wamtoboe matundu mawili kichwani, waitoe. Shangazi akasimama.

"Kumtoboa kichwa mtu wa miaka themanini? Mwacheni mama yangu apumzike! Mtamuua mezani kisha mtuambie alikuwa mzee."

"Anaweza kufa mezani," daktari akasema, bila hasira. "Sifichi. Na wapo wazee ninaokataa kuwapasua, kwa sababu ninayemtoa mezani hatakuwa na cha kurudia. Ndiyo maana nauliza: mwezi wa pili, mama huyu alikuwa anaweza nini?"

Baba akafungua mdomo. "Alikuwa... anashona."

"Anatembea mwenyewe? Anaoga mwenyewe? Sindano anatunga mwenyewe?"

 Baba huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niseme.

"Sindano anatunga mwenyewe," nikasema. "Akiwa karibu na dirisha hahitaji miwani. Anampima mteja kwa macho, halafu tepu anaichukua ili mteja aridhike. Anaoga kwa maji baridi. Anajua wateja wote na madeni yao na vipimo vyao, nani ana bega moja juu. Anapanda stuli."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

Daktari akafunga faili. "Miaka yake niliiona humu ndani. Hayo hayamo. Huyo anayepanda stuli ndiye nataka kujaribu kumrudisha."

Karatasi ya ridhaa ilikuwa kwa ile lugha ya darasani. Baba anaisoma kwa taabu. Shangazi akanisukumia. "Soma. Si ndiyo mnayosomeshwa."

Nikasoma na kutafsiri mstari kwa mstari. Anaweza kupooza. Damu inaweza kurudi. Anaweza kupata maambukizi ya kifua. Anaweza kufariki. Hapo sauti ilikatika. Ningeweza kuuruka ule mstari, hakuna ambaye angejua. Nikaurudia tena mpaka ukatoka.

Baba akasaini.

Ijumaa, 12 Aprili

Upasuaji umechukua saa moja na nusu tu. Muuguzi wa chumba cha upasuaji anasema damu ilitoka nyeusi kama oili ya gari iliyokwisha kazi. Bibi amenyolewa upande mmoja, bandeji mbili, na mrija mwembamba unaoshuka hadi kwenye mfuko. Amelala. Mguu wa kushoto umesogea!

Jumapili, 14 Aprili

Ameamka. Ameniangalia muda mrefu.

"Mke mwenzangu. Mbona umekonda? Hakupi chakula huyo mume?"

Nimelia mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani amenipa leso yake. Wodi nzima wanamwita Mama Nati. Ana miaka sabini na nne, amefanyiwa upasuaji wa mgongo, amewekewa vyuma na skrubu. "Usilie," aliniambia. "Mimi nimekazwa kama baiskeli. Bibi yako ametobolewa kama filimbi. Ni wewe tu mzima humu, na ndiye unayepiga kelele."

Bibi alicheka. Pande zote mbili za mdomo zilicheka.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemwambia leo. Baba alikuwa ametoka, Mama Nati alikuwa anajifunza kusimama na kijana anayewafanyisha wagonjwa mazoezi.

"Bibi, nisamehe. Nimemwambia baba."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ulianguka."

"Nani ameanguka?"

"Wewe, bibi. Kwenye stuli. Ukaniambia nisiseme."

Alifikiri. Niliona anatafuta kwa bidii, kama anavyotafuta kifungo kwenye kopo. Kisha akanipigapiga mkono. "Mimi sikumbuki, mama. Labda uliota."

Daktari anasema ni kawaida, siku zile zinaweza zisirudi kabisa. Kwa hiyo niliyemtunzia siri hana habari nayo. Hawezi kuniambia nimefanya vibaya kusema, wala nimefanya vibaya kunyamaza.

Ijumaa, 19 Aprili

Mrija umetolewa. Lakini anakohoa. Mvua inaingia dirishani, kioo kimoja hakifungi.

Jumatatu, 22 Aprili

Homa. Wameweka hewa ya oksijeni. Daktari wa viatu vya kijani amekuja mara mbili na daktari wa kifua. Picha ya kichwa ni nzuri, wanasema. Ubongo umerudi mahali pake. Tatizo ni mapafu. Mzee akilala siku nyingi, kifua kinajaa.

Shangazi anamkanda miguu na haongei. Ni ajabu kumwona haongei. Nilikuwa namwona mgomvi. Leo nimemwona akimnusa bibi kichwani, upande ule wenye nywele, kama watu wanavyonusa watoto wachanga.

Alhamisi, 25 Aprili

Bibi amefariki saa tano asubuhi. Baba alikuwa ameshika mkono wa kulia, shangazi wa kushoto. Mimi nilishika kisigino, ndicho kilichobaki.

Nilimfuata daktari kwenye korido. Sijui nilipata wapi miguu.

"Ningesema mapema, angepona?"

Alisimama. Niliona anataka kuniambia kitu laini, kisha akaghairi.

"Wiki ya kwanza pengine tusingeona chochote," akasema. "Wiki ya nne, ndiyo, ingesaidia. Tungeisimamisha dawa, angekuja akitembea, asingelala kitandani muda mrefu hivi. Pengine kifua kisingemshika. Pengine kingemshika. Siwezi kukuambia haikujalisha. Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Nami siwezi kukuambia ulikuwa mzigo wako peke yako. Haukuwa."

Akaweka mkono begani kwangu, kisha akaitwa wodini.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumemzika. Mvua ilipisha kwa muda wa saa moja.

Watu wamejaa nyumbani. Wanaambiana, "Alikula umri, tumshukuru Mungu." Kila wakisema hivyo nataka kusimama juu ya kiti niwaambie si umri.

Jumanne, 30 Aprili

Kuna kitu sikukiandika hata humu.

Ile tarehe mbili Machi niliandika "stuli ikayumba". Stuli hiyo ina mguu mfupi, huyumba siku zote, ndiyo maana mtu akipanda mwingine hushika. Nilikuwa nimeshika. Simu ikalia mfukoni, ujumbe wa kundi la darasa, nikaona jina langu la utani, nikaiachia stuli nisome. Ni hivyo tu. Nilitaka kujua wanasema nini juu yangu.

Nimedanganya mpaka daftari ambalo hakuna atakayelisoma.

Jumamosi, 4 Mei

Baba amekuwa akizunguka nyumba wiki nzima bila kusema nami zaidi ya "umekula?" Leo ameingia karakana nilipokuwa nakunja vitambaa, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nieleze," akasema. "Tangu mwanzo."

Nikamweleza. Jora, pembe ya meza, kilemba. Alikuwa ameinama, viwiko magotini.

"Ulinificha kwa sababu uliahidi, au kwa sababu uliniogopa?"

Nilifikiri nimpe jibu zuri. "Nilikuogopa."

"Na mama yangu?"

"Naye alikuogopa, baba."

Akafunga macho. Nilijua nikinyamaza hapo, ataondoka akiwa na mzigo wote. Ungekuwa wake milele na mimi ningekuwa mtoto mtiifu.

"Nilikuwa nimeshika stuli," nikasema. "Nikaiachia. Ujumbe uliingia kwenye simu."

 Matone ya mwisho yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Ujumbe ulisema nini?"

"Walikuwa wanaulizana kama Bubu huwa anaongea nyumbani."

Baba alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza tangu nianze kutembea.  Akasimama, akatoka nje, akakaa kwenye gari la ghala alilokuja nalo leo, mvua ilipoanza tena. Hakuwasha. Alikaa tu mle ndani, na mimi nikamwona kupitia dirishani, mabega yakipanda na kushuka.

Jumatano, 8 Mei

Shule. Hesabu, jiografia. Baba hajasema lolote.

Jumamosi, 11 Mei

Jua limetoka leo, la kwanza baada ya siku nyingi. Nilikuwa chumbani nasoma kwa ajili ya mtihani. Baba akabisha hodi. Hajawahi kubisha hodi mlango huu, hufungua tu.

Alisimama kizingitini, suruali ina tope gotini. Alionekana mwenye aibu kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nimeteleza," akasema. "Pale nyuma, kwenye ngazi yenye ukungu. Sasa hivi."

Nikasimama. "Umegonga kichwa?"

"Hapana. Kiwiko. Cha kulia." Akakunja shati anionyeshe. Kimechubuka, damu kidogo. "Naweza kukikunja. Tazama. Kichwa hakijagusa kitu. Nimeona nikwambie."

Nikamwosha. Aliuma meno dawa ilipochoma, akasema, "Taratibu, basi, mwanangu," nami nikamwambia akae vizuri, na baba akakaa vizuri.